Masharti ya Kumsikia Bwana Harusi

"Huyu anayeuliza kama tunakubali, yuko wapi?"

Swali hilo hawakunifundisha chuo kikuu, nilichokuwa nimemaliza mwaka uleule. Aliyeuliza alikuwa mzee wa Kirundi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, ameketi mbele ya kompyuta, viatu ameviacha mlangoni, kofia ameilaza magotini. Kwenye skrini kulikuwa na kisanduku kilichojaa Kiingereza, na chini yake vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kukataa.

"Hayuko popote, baba," nilimwambia. "Ni mashine tu inauliza."

"Mashine itafanya nini na kukubali kwangu?"



Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilirudi nyumbani Mpanda kungoja ajira, na wakati nangoja nikashikizwa katika kituo kidogo cha kanisa kilichofundisha ushonaji na useremala. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta, na mkuu wa kituo aliitunza kama mgonjwa: ilifunikwa kitambaa cha kufuma, mapazia yalifungwa muda wote kwa sababu ya vumbi, na hakuna aliyeingia na viatu. Intaneti hatukuwa nayo. Hata simu ya kituo ilisikika siku ilipojisikia. Jenereta liliwashwa Jumamosi mchana, basi Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kompyuta.

Kijana wa kwanza wa yule mzee alikuwa amekwenda kusoma chuo cha Biblia katika nchi ya baridi, na huko akaoa. Mzee hakuwa na neno na binti aliyeolewa. Picha zake aliziona, akasema ana mikono ya mtu anayefanya kazi. Shida yake ilikuwa nyingine. Kwake, ndoa ni pale bwana harusi anapoulizwa mbele ya watu, akajibu kwa mdomo wake, na baba yake akasikia. Picha haisemi. Barua anaweza kuandika yeyote. Huenda kijana alisukumwa, huenda aliozeshwa hajui kinachosemwa, nani anayajua mambo ya huko. Maadamu yeye hajasikia, hakuna ndoa. Na kama hakuna ndoa, mjukuu aliyekuwa njiani hatapewa jina na babu yake.

Mkewe, ambaye wote tulimwita Mama, alikuwa amebishana naye hadi akachoka. Sasa alikuwa anangoja tu. Tumbo la mkwe wake kule ng'ambo halikuwa linamngoja mtu.

Ndipo kijana akatuma sidii kwa mkono wa mgeni wa kanisa. Mtu mwenye akili timamu angetuma kaseti. Lakini kijana alikuwa anajifunza kompyuta jioni, na kama kila anayejifunza kitu alitaka kionekane. Alitengeneza kurasa kama zile za intaneti, zina picha, zina maelezo ya Kiswahili na Kirundi, na katikati zina kisanduku cha video. Juu ya kasha aliandika: Fungueni tu, itacheza yenyewe.

Haikucheza yenyewe. Nilifungua ukurasa kwenye kivinjari, picha za harusi zikashuka moja moja, na pale ambapo bwana harusi alitakiwa kusema pakatokea mchoro wa kipande kimoja cha zile picha za kukatwakatwa ambazo watoto huziunganisha. Nilijua maana yake, kwa kubahatisha. Kivinjari peke yake hakikujua kucheza video. Kilihitaji kiprogramu kingine kichomekwe pembeni yake, plagini, na sisi hatukuwa nayo.

Mama alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. "Ndo mwanangu amekuwa hivyo?"

"Hapana, Mama. Hapo kuna kitu kinakosekana."

"Hata mimi naona."

Bahati nzuri kijana alikuwa ameiweka plagini humohumo kwenye sidii, katika folda la pembeni. Nikaianzisha. Kikaja kile kisanduku cha Kiingereza chenye vitufe viwili, nami nikapeleka mshale kwenye kukubali, kama ninavyofanya hadi leo, kama anavyofanya kila mtu. Mzee akanishika kiwiko.

"Unafanya nini, binti?"

"Nakubali."

"Unakubali nini?"

"Sijui, baba. Haya huwa hakuna anayeyasoma."

Nilidhani hilo litamtuliza. Akauondoa mkono wangu kwenye kipanya taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto jikoni. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba zamani, miaka ya mwanzo ya makazi, watu fulani wa upande wao waliweka dole gumba kwenye karatasi ili wagawiwe majembe. Majembe walipata. Baadaye wakaambiwa ile karatasi ilikuwa ya wanaoomba kurudi walikotoka. Mimi, ambaye nilitilia shaka kila kitu, niliitilia shaka na hadithi hii, nikauliza karatasi hiyo ililetwa na nani.

"Ndo nakuuliza na mimi," alisema. "Anayeleta karatasi huwa hayupo."

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu anayependa vikao kuliko chakula. Akatangaza kwamba masharti yatasomwa kikaoni Jumamosi inayofuata, kwa Kiswahili, na jenereta likazimwa.

Jumamosi hiyo walikuja watu kwa baiskeli kutoka makazini, na wengine wa kijiji jirani cha Kasokola ambao hawakuhusika na ndoa wala kompyuta ila walisikia kuna kikao. Chumba hakikutosha, wengine wakasimama dirishani, mapazia yakafunguliwa kwa ruhusa maalumu. Nikaanza kutafsiri.

Sharti la kwanza, tusiikodishe programu. Wakakubali, nani angeikodi. Sharti lingine, tusiifungue kuchungulia ilivyotengenezwa. Fundi seremala mmoja akasema hilo ni gumu, mtu akipewa kitu lazima achungulie, lakini akashindwa kwa wingi wa sauti. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba programu hii isitumike kuongozea ndege angani wala kuendeshea mtambo wa nyuklia.



"Mtambo wa nini?" Mzee aliuliza.

"Wa atomiki. Wa umeme mkubwa sana, ukiharibika unaua watu."

Akamgeukia mkuu. "Mkuu, hapa kituoni mnao?"

"Hatuna," alisema mkuu, na nilimwona anafikiri kwanza. "Tuna jenereta."

"Na Kasokola?"

"Kasokola kuna mashine ya kusaga," mtu alisema dirishani, "na yenyewe mbovu."

Waliridhika. Nikaendelea hadi kwenye sharti lililosema kwamba anayekubali anathibitisha yeye si raia wa nchi zifuatazo, na orodha ikafuata. Niliisoma upesi. Mzee aliniambia nirudie.

"Burundi imo?"

"Haimo."

"Tanzania?"

"Nayo haimo."

"Kwa hiyo hawatujui," alisema. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Na wanataka mtu aseme yeye ni raia wa wapi?"

"Wanataka aseme siyo raia wa hizo."

"Basi hilo naweza kusema bila kudanganya. Mimi siyo raia wa hizo. Hata zile zingine hazijanijibu."

Mama alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilijifanya natafuta mstari niliofikia.

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Masharti yakapita. Mzee hakutaka kukigusa kipanya. Kikao ndicho kimekubali, alisema, kikao kibonyeze. Mkuu wa kituo akasimama, akavuta shati, akabonyeza kwa niaba ya wote. Mstari wa bluu unaoonyesha kazi imefika wapi ukajaa polepole, programu ikasema imemaliza, nikaufungua ukurasa.

Kipande cha picha kilikuwa palepale.

"Sisi tumekubali," Mzee alisema. "Wao je?"

Nilieleza kwamba kosa ni langu. Kivinjari nilikiacha wazi wakati wa kuingiza programu, nacho kilitakiwa kifungwe kwanza. Tuiingize upya. Nikaianzisha tena, na masharti yakatokea tena, yaleyale, kana kwamba hatujawahi kukutana.

"Mara ya kwanza hawakusikia?"

"Inauliza kila mara, baba. Ni yaleyale, hayajabadilika."

"Umejuaje na hujayasoma?"

Lilikuwa swali ambalo chuoni ningelisifia. Nikayasoma upya yote. Lakini safari hii kikao kilikuwa kimeshazoea, na watu wakaanza kuitikia kama kanisani. Nikisema tusiikodishe, wanasema hatukodishi. Nikisema tusiongozee ndege, wanasema hatuna. Nikifika kwenye mtambo wa atomiki hata wale wa dirishani wanajibu kwa sauti nzito, hatuna, na mmoja akaongeza amina. Mkuu akabonyeza. Nikafungua ukurasa.

Kipande.

Watu walianza kutafuta baiskeli zao. Mama hakuinuka. Alisogeza kigoda chake karibu na changu, akaniuliza polepole ili mumewe asisikie, "Mwanangu, hii kitu unaijua au unaibahatisha?"

"Naibahatisha, Mama."

"Haya. Bahatisha. Mtoto atazaliwa mwezi huu."

Nikaacha kubonyeza, nikaanza kutazama. Ndipo nikaona jambo ambalo ningeliona mapema kama nisingekuwa natafsiri mambo ya ndege. Kompyuta ile ilikuwa na vivinjari viwili. Kimoja kilikuwa cha zamani, kila ukikifungua kinakufa, na hakuna aliyekuwa amekiondoa. Plagini ilikuwa imekwenda kukaa kwa huyo aliyekufa. Tulikuwa tumekubali masharti kwa utii mkubwa, na kila tulipokubali mzigo ulipelekwa nyumba ya jirani.

Dawa ilikuwa kulinakili lile faili moja kutoka folda la kivinjari kibovu na kuliweka katika folda la kizima. Nikafanya. Hakuna kilichouliza chochote.

"Hii haikuuliza," Mzee alisema.

"Haiulizi, baba. Nimehamisha tu."

"Kwa hiyo safari hii hakuna aliyekubali."

Niliweka mikono mapajani. Mchana kutwa alikuwa hataki kuulizwa, na sasa hataki kutoulizwa. Mkuu wa kituo ndiye aliyetuokoa. Alikohoa, akasema kwamba kwa utaratibu wa vikao hili si jambo jipya, huu ni utekelezaji wa azimio lililokwisha kupitishwa. Mzee alilipima hilo neno, utekelezaji, akatikisa kichwa kwamba linafaa.

Nikaufungua ukurasa. Kipande kilikuwa kimetoweka, na mahali pake palikuwa na kijana mwenye suti, mdogo kama picha ya juu ya kiberiti. Watu wakarudi dirishani na baiskeli zao. Kijana alisimama, akameza mate, akafungua mdomo. Hakuna sauti iliyotoka.

"Nauona mdomo," Mzee alisema. "Mdomo hata mbuzi anao."

Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu matatu yanayofanana, na mtu aliyepanguza vumbi alikuwa ameurudisha waya wa spika kwenye tundu la maikrofoni. Niliuhamishia lingine, nikalivuta lile duara dogo la video hadi mwanzo.

Ilisikika sauti nzito ya mwanamume, Kizungu, inasoma jambo refu. Kisha ikanyamaza. Kijana akamtazama mtu ambaye sisi hatukumwona, akasema kwa Kirundi, wazi kabisa, "Ego." Ndiyo. Hapohapo video ikaganda, mdomo ukiwa bado umeachama.

Mama aliweka viganja viwili usoni. Mzee aliinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza mvua inakotokea.

"Rudia."

Nikarudia. Ego. Tukarudia tena. Ego.

"Ni yeye," alisema. "Anayemuuliza yuko wapi?"

"Mchungaji yuko nyuma ya kamera," mkuu alijibu upesi.

"Na lile bomba?" Mama aliuliza, kwa sababu nyuma ya kijana kulikuwa na ukuta wa vigae vyeupe, na kwenye ukuta bomba la maji.

"Pa kubatizia," mkuu alisema. "Makanisa ya kule yana maji ndani."

Jibu lilimtosha kila mtu chumbani. Hata mimi, niliyekuwa nimebishana na historia ya majembe, nilimezwa na ule uso wa Mama, nikaliacha bomba lipite.

Mzee akavaa kofia, akaivua tena alipokumbuka bado yuko ndani. Akasema jina. Alilisema kwa Kirundi, mara moja, na Mama akalirudia kwa kunong'ona ili asilipoteze njiani. Sitaliandika hapa, ni lao. Kisha akaniuliza kama mashine inaweza kupeleka jina hilo kule sasa hivi, na nilipomwambia haiwezi, alinishangaa kwa mara ya mwisho siku ile. Jina likaenda kwa barua.

Miaka mingi baadaye yule bwana harusi alikuja kuwasalimia wazazi wake, ana mvi, ana binti mrefu mwenye jina lile, na nikakutana naye nje ya kanisa nikamuuliza kuhusu bomba. Alicheka kwanza, akatazama kama baba yake yuko mbali. Siku ya ndoa, alisema, mafua yalikuwa yamemkausha sauti kabisa, akaitikia kwa kichwa, na kwa baba yake kichwa kisingetosha. Basi wiki iliyofuata walirekodi upya jikoni kwao, mkewe ameshika kamera. Aliyemuuliza kama anakubali alikuwa fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki.