Gari Lililooshwa Kila Alfajiri

Kazi yangu ni kuandika makosa ya magari. Magari yakishuka melini huletwa kwenye yadi yetu Shimanzi, na kabla mwenyewe hajakabidhiwa, mimi hulizunguka kila moja nikiwa na karatasi na chaki. Mkwaruzo nauzungushia duara. Taa iliyopasuka, duara. Kisha naandika, natia sahihi, gari linaondoka. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na sijawahi kumiliki gari hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapo.

Mdogo wangu alirudi kutoka Ghuba akaanza biashara ya kufunga viyoyozi, na biashara ikamkubali. Siku moja alitukuta kwa mama, akanipa simu yake nitazame picha.

"Kaka, nimepata gari."

Nililijua kabla sijaikuza picha. Lilikuwa gari la Kijapani la milango minne, silinda sita, viti vya ngozi, lililotengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka starehe ya waziri na mbio za kijana kwa pamoja. Moja kama hilo liliwahi kupita mikononi mwangu pale yadini. Nilikaa ndani yake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Kwenye karatasi niliandika: hakuna dosari. Ni mara chache sana mimi kuandika hivyo.

"Umelichagulia nini?" nilimuuliza. Nilitaka aniambie injini. Nilitaka aniambie namna linavyokaa chini barabarani.

"Rangi yake," alisema. "Kijivu hakionyeshi vumbi."

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Nenda naye ukalitazame. Wewe una jicho." Kisha akaongeza, na wala hakukusudia ubaya, "Na mimi Ijumaa nitapumzika na tuktuk zenu."

Kila Ijumaa baada ya alasiri mimi humpeleka mama Tudor kwa dada yake. Hukaa nyuma ya tuktuk tukibanana. Kwenye matuta hunishika mkono wa shati, na njia nzima hunipa habari za wiki: nani kaposa, nani kagombana na nani juu ya ukuta, nani anajifanya mgonjwa. Ni dakika ishirini ambazo mama ni wangu peke yangu. Sasa nilikuwa naombwa niende kukagua kitu kitakachoninyang'anya dakika hizo, na kitu chenyewe ni gari nililolitamani mimi.

Nilikubali, bila shaka. Nilichukua daftari, chaki na sumaku.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu wa Mji wa Kale. Nyumba yake iko pale barabara ya magari inapokoma na vichochoro vinapoanza, ina ua, na ndani ya ua gari lilisimama chini ya turubai safi kama kitanda cha bibi harusi. Tulimwamkia, tukamwita ami, akatukaribisha kwa kahawa. Kisha akalivua turubai polepole, kutoka nyuma kuja mbele.

Rangi ilikuwa inaonyesha mawingu.

"Miaka minane ninalo," alisema ami. "Halijaguswa na waosha magari wa barabarani na vitambaa vyao vya mchanga. Naliosha mwenyewe kila alfajiri nikitoka msikitini, kwa mpira huu hapa, maji ya kisima changu. Juu na chini, mpaka tumboni."

Dirishani juu mkewe alikuwa anaanika kanga. "Mimi angenitunza nusu ya hivyo," alisema, "ningekuwa mwari mpaka leo!"

"Wewe hukuja na hati," ami alimjibu, na mdogo wangu akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Nilianza kazi. Nina utaratibu wangu na siuvunji: naanzia kona ya mbele ya kulia, nazunguka kinyume cha saa. Sumaku niliifunga kwa kitambaa cha mkononi nisichubue rangi, nikaipitisha boneti, milango, matao ya magurudumu. Penye puti ya kuzibia mibonyeo chini ya rangi, sumaku hailambi bati. Kila mahali ililamba. Nilitazama mianya ya milango kama ni sawa kwa sawa. Nilitazama tairi kama zimeliwa upande mmoja. Nilichomoa kijiti cha mafuta, nikayanusa, nikayasugua kwa vidole. Nilifungua buti nikainua zulia. Niliinamisha kichwa nikasoma uchakavu wa kanyagio la breki na kuulinganisha na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, maana kilomita huweza kurudishwa nyuma, lakini kanyagio halirudi.

Kila kitu kilikuwa sawa. Kila nilipokuta kitu sawa, roho iliniuma zaidi.

"Kaka," alisema mdogo wangu, "wapima gari au watafuta jini?"

Ami akanihurumia. "Mwache. Mtu mwenye kazi yake."

Chini sikutazama. Hilo nalikiri sasa. Kazi yetu yadini ni ya kusimama wima. Tunaandika lile linaloonekana na mtu anayezunguka kwa miguu. Gari hilo lilikuwa chini sana, tena lilikuwa na vifuniko vya plastiki vya kiwandani vilivyoziba tumbo lote. Na nilikuwa nimevaa suruali nyeupe.

Tukatoka kulijaribu. Mdogo wangu akanipa ufunguo. "Endesha wewe. Mimi nitasikiliza kiyoyozi." Nilipita Tudor, nikashukia Shimanzi, na pale ambapo malori huwa yamejipanga kama ukuta, barabara ikafunguka kidogo. Nikakanyaga. Gari halikupiga kelele, lilikuja tu, kama mtu aliyekuwa akikungoja umwite. Gia zilibadilika bila mimi kujua saa zilipobadilika. Nilisikia kicheko, na nikatambua kwamba kilikuwa changu.

Pembeni yangu mdogo wangu aliweka kiganja kwenye tundu la hewa. "Kinapoza vizuri," alisema.

Nadhani ni maneno hayo yaliyonimaliza. Tuliporudi, yeye akiongea na ami, niliegemea ukuta nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu ule ule wa kazini: *Gia zinachelewa kuingia ya tatu. Ugonjwa wa gia wa aina hii hautengenezeki.* Nikatia sahihi. Katika miaka ishirini na mbili, huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu ya gari.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya swala watapeana mikono, na mdogo wangu akishampa mtu mkono harudi nyuma, amemfuata marehemu baba kwa hilo. Nilipanga kumpa karatasi tukitoka msikitini.

"Tawadheni hapa hapa," ami alisema, akafungua mpira wa uani.

Nilikosha mikono. Nilisukutua. Nikasimama na maji mdomoni.

Yalikuwa ya chumvi. Siyo kama ya bahari, lakini chumvi. Sisi wa mjini maji ya kunywa tunayanunua kwa mtu wa mkokoteni, na ya kisima ni ya kufulia, kuogea na kutawadhia. Tumeizoea chumvi yake tangu utotoni hata hatuisikii. Nimetawadha kwa maji ya namna hiyo maisha yangu yote. Siku hiyo tu, kwa sababu ya maneno ya ami niliyokuwa nayo kichwani, niliionja kama mgeni. Kila alfajiri. Miaka minane. Juu na chini, mpaka tumboni. Juu kulikuwa na rangi na kitambaa cha kukaushia. Chini, nyuma ya vifuniko vya plastiki, maji yaliingia na hayakuwa na pa kutokea.

Niliyatema, nikamaliza udhu.

Msikitini nilisimama bega kwa bega na mdogo wangu, na sikuswali, niliinama na kuinuka tu. Niliwaza hivi: nikiichana ile karatasi na kunyamaza, atalinunua. Atalipenda. Mama atakaa kiti cha mbele. Na siku moja, mwaka mmoja au miwili mbele, kitu fulani chini kitakatika, na gari zuri litageuka chuma chakavu mikononi mwake. Siwezi kusema niliifukuza fikra hiyo. Niliikaribisha ikae mpaka rakaa ya tatu. Kilichoiondoa si wema. Ni kwamba nilimwona mama kwenye hicho kiti cha mbele, amelishika shati la mdogo wangu, kwenye tuta.

Tuliporudi uani ami alikuwa ameunyoosha mkono wake kidogo, tayari kwa kupeana mikono. Nikasema, "Ngojeni," nikampa mdogo wangu daftari kwa sababu nilikuwa nimezoea kutoa daftari, nikasahau kilichomo.

Akasoma. "Gia zinachelewa? Mbona nilikuwa kando yako sikuona?"

"Achana na hilo. Chini limeoza. Lina kutu."

"Umelala chini saa ngapi? Suruali yako bado nyeupe."

"Sijalala. Najua."

"Wajua." Akalifunga daftari. "Kaka, tangu asubuhi wapekua kama mtu aliyeibiwa. Ulipokosa juu ukaingia kwenye gia. Gia zimekataa, sasa washuka chini. Sema tu hutaki nilipande."

"Kutu?" ami alisema. "Gari hili?"

Wote wawili walinitazama, na nikaelewa kwamba sina ushahidi ila neno langu, na neno langu nilikuwa nimeliharibu mwenyewe nusu saa iliyopita, kwa sahihi. Palikuwa na njia moja tu ya kulitengeneza.

"Gia ni uongo," nilisema. "Gia ni nzuri, sijapata kuona nzuri kama hizo. Nimeandika kwa kijicho. Sikutaka ulipate. Sasa umeshajua mimi ni mtu wa namna gani, nisikilize: kutu ni kweli. Onja yale maji ya mpira. Kisha lete jeki."

Mkewe ami aliacha kuanika. Aliyekwenda kuleta jeki ni ami mwenyewe, akaitoa kwenye buti, bado imo katika mfuko wake wa kiwandani.

Tulizuia magurudumu kwa mawe, tukaliinua nyuma. Niliinama nilale, mdogo wangu akanisukuma kando. "Nitatazama mwenyewe." Akalala kwa mgongo na shati lake zuri, akafungua kifuniko kimoja kwa bisibisi. Vipande vya kahawia vilimwangukia kifuani kama majani makavu ya chai. Akagusa kwa ncha ya bisibisi ule mhimili unaoshika magurudumu ya nyuma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"Hasa chini nalipitishia mpira," ami alisema taratibu, si kwetu. "Kwa sababu ya mchanga wa barabarani. Basi ni mimi?"

Nilipaswa kumwonea huruma, na baadaye nilimwonea. Lakini wakati ule, niandike kama ilivyokuwa, nilifurahi. Furaha ilinipanda kifuani moto moto, nikautazama ukuta ili isionekane usoni.

Tulitoka kwa kupitia vichochoro, yeye mbele, mimi nyuma, mgongo wa shati lake ukiwa na ramani ya vumbi na mafuta. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na kwa mama.

"Ungesema lile la gia peke yake," alisema bila kugeuka, "ningeliamini."

"Najua."

"Ningeliacha gari, nikakushukuru."

"Najua."

"Na furaha yako nimeiona. Usidhani sikuiona."

Nikaendelea kumfuata.

Siku chache baadaye nilipita kwa ami. Lango lilikuwa wazi. Mtu wa mkokoteni alikuwa anashusha madebe ya maji matamu, na ami, kanzu ameikunja magotini, alikuwa analiosha gari lake kwa kopo, akimwagia chini kwa uangalifu mkubwa. Nilipita haraka asinione.

Mdogo wangu alinunua gari jingine mwezi uliofuata, dogo, jeupe, la kawaida kabisa. Hakuniita kulikagua. Nililiona mara ya kwanza limesimama mlangoni kwa mama siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, na mama amekwisha kukaa mbele, kanga mpya kichwani. "Panda, twachelewa," aliniambia. Nikapanda nyuma.

Kabla hatujamaliza mtaa nilikuwa nimeshaona mambo matatu. Mdogo wangu aliniangalia kwenye kioo.

"Sema basi, yatakukaba."

"Mlango wa nyuma umepakwa rangi upya."

"Najua. Nililipitishia sumaku."

"Sumaku gani?"

"Yako. Uliisahau uani kwa ami." Akagonga kisanduku cha mbele kwa kidole. "Imo humu. Na chini nililala nusu saa."

"Nyamazeni, nyote wawili," alisema mama. Gari likapanda tuta bila kutikisika, na yeye hakuhitaji kushika kitu. Akaanza habari za wiki, za harusi iliyovunjika na za jirani na ukuta wake. Alikuwa akimsimulia mdogo wangu. Mimi, huku nyuma, niliinamisha kichwa mbele ili nisikie.