Kivuli Katika Kamera ya Twaiba

Wifi yangu Twaiba ana kazi moja tu, na kazi yenyewe haifanywi na kila mtu: hupiga video za harusi upande wa wanawake. Huku kwetu, kuanzia Msambweni hadi Kinondo, siku ya kumpamba bibi harusi mwanamume haruhusiwi kupitisha hata pua. Simu zote huachwa mlangoni ndani ya beseni, na huwekwa mama mmoja mkali wa kulilinda. Wanawake wamevua mabuibui, wanacheza wanavyotaka. Nani atapenda kesho kujiona kwenye simu ya shemeji yake? Twaiba peke yake ndiye huingia na kamera. Shughuli ikiisha, huchomoa kadi yenye video mbele ya watu wote na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, na mama huyo ndiye huamua nani ataona na nani hataona. Kwa uaminifu huo Twaiba amemlea Hanifa, mwanawe wa pekee, tangu kaka yangu alipofariki.

Kamera yake ya zamani ilipokufa, alinunua nyingine Ukunda kwa Lewis, mtu wa bara anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya Diani. Kuna mgeni aliyeiacha. "Hii ni ya Marekani, mama, original kabisa," Lewis alimwambia. Twaiba hakuuliza zaidi. Mimi ningeuliza, lakini mimi ndiye ninayeambiwa kila siku kwamba nina maneno mengi.

Harusi ya kwanza ilikuwa Msambweni, alasiri. Nje jua linachoma, ndani ya ukumbi giza, kwa sababu madirisha yalikuwa yamezibwa kwa leso na mapazia ili wanaume wasichungulie. Ziliwashwa zile taa ndefu za ukumbini. Nilisimama nyuma ya Twaiba nikila kaimati, nikatupa jicho kwenye kioo kidogo cha kamera.

Mlikuwa na kivuli mle. Ukanda mweusi, mpana kama mtandio, ulikuwa unapanda polepole kutoka chini ya picha kwenda juu. Ulipita miguuni, ukapita vifuani, ukapita nyusoni, ukapotea, kisha ukaanza tena chini. Niliinua macho nikatazama ukumbi wenyewe: hakuna kitu, watu wanacheza. Nikatazama kioo: ukanda unapita.

Ulipofika kwa Bi Nyamvula, nyanyake bibi harusi, aliyekuwa amekaa kitini akipiga makofi, ulisimama. Ulimsimamia usoni. Wengine wote wakaonekana vizuri isipokuwa yeye.

"Wifi, unaona ninachokiona?" Twaiba aliniuliza bila kugeuka.

"Ninaona. Nyamaza."

Alisogeza kamera pembeni, akairudisha. Weusi ulikuwa palepale. Baadaye tulikwenda kumwamkia bibi wa watu, shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha na kutucheka kwamba viuno vyetu vimekauka. Wiki haikuisha tukaitwa mazikoni kwake.

Video ikatazamwa, maneno yakatoka. Wanawake wakasema kamera ya Twaiba inachagua watu. Mialiko ikakatika. Hata akipita sokoni mikono mitupu, bila kamera, kuna waliovuta mtandio wakafunika uso. Niliudhika mno, kwa sababu mambo ya mapepo huwa siyapi nafasi, nikamburuta hadi Ukunda kwa Kaingu, fundi wa televisheni.

Kaingu aliigeuzageuza kamera, akasoma maandishi ya chini yake. "Mama Hanifa, hakuna shetani humu. Hii imeundwa kwa ajili ya nchi za wenzetu. Umeme wao unapiga mara sitini kwa sekunde, wetu hamsini. Taa zetu huwaka na kufifia upesi sana, jicho halijui, lakini kamera hii inaona kwa sababu haiendi nazo sawa. Ndio huo ukanda. Na haibadilishiki. Piga juani, mbali na taa, hutauona tena."

"Na kusimama?" Twaiba aliuliza. "Kumsimamia mtu mmoja?"

Kaingu alianza kucheka, kisha akaacha. "Ukanda huu hausimami, mama. Kazi yake ni kupita tu."

Tulichukua kamera yetu tukarudi nyumbani.

Ndipo Hanifa akaposwa. Twaiba alisema tutafute mtu mwingine wa kupiga video; Hanifa akakataa katakata. "Asiponipiga mama, sitapigwa na mtu." Usiku na mchana Twaiba alikuwa na swali moja: kivuli kikimsimamia mwanangu, je? Mimi nikamkumbusha maneno ya fundi. Basi shughuli ya kupamba tukaifanyia uani Kinondo, kwenye jua la saa tisa, ua umezungushwa makuti na mashuka juu yake, na hata waya wa umeme haukupita karibu.

Twaiba aliinua kamera. Nilikuwa nyuma yake, macho kwenye kioo. Kioo kilikuwa safi. Hanifa, hina yake, asumini zake, mashoga zake, wote wanaonekana wazi! "Alhamdulillahi," Twaiba alisema, machozi yanamtoka, nami nikalia naye bila haya.

Hanifa akasimama na mapambo yake yote. "Mama, wewe huonekani kwenye harusi hata moja. Nipe hiyo." Akaichukua kamera, akampiga mamake, akimtazama yeye wala si kioo. Twaiba akaona haya, akacheka, akacheza kidogo, akapiga kigelegele. Halafu ikafika zamu ya kadi. Aliichomoa mbele ya watu kama kawaida, akabaki ameduwaa, maana mama wa bibi harusi ni yeye. Akajikabidhi mwenyewe, mkono huu kwa mkono huu, ua mzima ukavunjika mbavu.

Asubuhi yake aliniita tutazame. Video yote ilikuwa nzuri mpaka kipande kile cha mwisho. Leso yake ya kisutu inang'aa juani, kuku anapita nyuma yake, makuti unaweza kuyahesabu. Usoni mwake ulikuwapo ukanda mweusi, umetulia tuli. Kigelegele kilitokea ndani ya weusi ule, kikali, kizuri.

"Futa," nilimwambia. "Wifi, futa sasa hivi, kabla mtoto hajaona." Hanifa alikuwa Lunga Lunga kwa mumewe, alikopelekwa usiku uleule, na alikuwa ameshapiga simu kwamba fungate ikiisha anafuata kadi yake.

Twaiba alirudisha nyuma, akatazama tena. Niliogopa mimi, yeye sikumwona akiogopa.

"Harusi zote hizi nilikuwa nyuma ya kamera," alisema. "Na picha huwa nazikimbia, unanijua. Nikifuta hiki, harusi ya mwanangu haina mama. Siku akinitafuta, atanitafuta wapi?"

"Lakini uso wenyewe hauonekani, Twaiba."

"Nacheka. Atasikia."

Hanifa alikuja jana. Twaiba alimpikia wali wa nazi, wakala, wakacheka, kisha akamwita mbele yangu akampa kadi mkononi. Ilikuwa nzima, hakufuta kitu.