Nimesukuma Lori la Sumu kwa Mikono Yangu

Leo asubuhi nimewasaidia watu waliomwaga sumu kwa maji yetu. Halafu nikawapa ndizi.

Nacheka ndio nisilie.

Nilikuwa shambani hapa Mitunguu nikaona lori limekwama kwa matope karibu na mfereji. Wanaume wawili, wapole sana. "Mzee, tusaidie kidogo."

Mimi na kiherehere changu! Niliita majirani, tukasukuma mpaka shati langu likapasuka. Lilipotoka niliwapa mkungu mzima wa ndizi wale njiani.

Sikujiuliza lori tupu linatafuta nini huku chini.

Jirani yangu Mama Kendi alienda kuchota maji akarudi mbio. "Baba Mwenda, kuja uone watu wako!"

Mapipa yamelala kando ya mfereji, yana picha ya fuvu. Mawili yamepasuka, maji ya kijani yanaingia mferejini. Harufu yake inachoma macho.

Chifu alipofika aliuliza, "Namba ya lori?"

Jamani. Namba ilikuwa mbele ya pua yangu. Nilikuwa nimefumba macho nikisukuma.

Tumefunga mfereji. Tangu hapo nazunguka nyumba za huku chini nikiwaambia wasinywe, wasipe ng'ombe, wasimwagie hata sukuma wiki. Kila mlango wananiuliza, "Umejuaje?"

Na inabidi niseme.

Chekeni mkitaka, lakini msiguse hayo maji mpaka yapimwe.

Nimebakisha mlango mmoja, wa mama mkwe. Nimesimama hapa kwa geti. Nianze aje?