Injini ya Marehemu

Fundi pikipiki mmoja wa Hamamatsu ana desturi yake: kila kifaa kibovu anachokitoa hukifuta mafuta, hukifunga kwa gazeti, kisha humkabidhi mwenye pikipiki kwa mikono miwili. Bi Kuwabara alipofuata kipikipiki kikuukuu cha marehemu mumewe, fundi alikipiga kiki moja tu, injini mpya aliyoifunga ikaitika. Mama wa watu akacheka kwa furaha.

"Na ile ya zamani, fundi? Nimeshaiwekea nafasi kando ya picha ya mume wangu, nikimfukizia ubani iwe karibu naye."

Fundi aliitazama mikono yake. Juzi, kwa kuiona injini ile ni kutu tupu, aliitupa kwenye gari la vyuma chakavu. Akainama mpaka paji la uso likagusa kiti.

"Basi hata nati yake moja, fundi?"

Injini mpya ilinguruma. Fundi hakuinua kichwa.