Majirani Wanne wa Malachie

Malachie Mwenze alikwenda Ndola, Zambia, kununua nyumba akarudi bila nyumba, na mtu aliyemwona akishuka kwenye gari-moshi pale stesheni ya Kamina, Kongo, angedhani amenunua mtaa mzima. Alikuwa akicheka peke yake. Ili ukielewe kicheko hicho, inabidi nikurudishe nyuma kidogo, nikuambie na jambo ambalo mwenyewe hakupenda lisemwe.

Malachie alikuwa karani wa ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na minne. Alizaliwa Mmethodisti, alisoma kwa wamisionari, na shati lake lilipigwa pasi hata miezi ambayo mshahara haukuonekana. Katika miaka ya tisini miezi hiyo ilikuwa mingi kuliko ile mingine. Kazi yake ilikuwa hii: kabla mtu hajapewa cheti cha kiwanja, karani huenda mwenyewe hadi pale, hukanyaga mipaka kwa miguu yake, huuliza majirani wa pande nne kama kweli kiwanja hakina mwenyewe, nao hutia saini.

Sasa, jua la Kamina wewe unalijua? Na baiskeli ya ofisi ilikuwa imeibwa zamani. Basi Malachie alijifunza kukaa. Aliketi mezani pake, akaandika, "Nimefika, nimeona, nimewasikia majirani," kisha akawaumba hao majirani yeye mwenyewe. Wa kwanza alimpa saini iliyolala kulia. Wa pili, iliyolala kushoto. Wa tatu aliandika herufi kubwa tupu, mfano wa mtoto wa darasa la pili. Wa nne, maskini, hakwenda shule, huyo alibandika dole gumba. Malachie hakuubadilisha mpango huo hata siku moja. Mwenye haraka alimwachia kuku, na maisha yakaendelea.

Ni karatasi ya namna hiyo iliyomfanya mjane mmoja, Mama Élisa, aambiwe mwaka wa 1995 kwamba kiwanja alichozalia watoto watano ni pori lisilo na mtu. Mwenye cheti kipya aliibomoa nyumba. Mama Élisa akahamia katika jiko lake la nyuma, akakataa kutoka, na kesi ikalala mahakamani. Tangu siku hiyo Malachie alikuwa akizunguka barabara mbili ili asipite pale. Mkewe, Abigaïl, aliona anavyozunguka. Hakuuliza, lakini aliona.

Mwaka wa 1999 vita vikasogea. Watu wa Manono waliingia Kamina kwa miguu, magodoro kichwani, na kila jioni mji ulikuwa na habari mpya ya kutisha kuliko ya jana. Malachie na Abigaïl walikuwa na mabinti wawili, Lise na Talitha. Wakaamua kuhamia Zambia. Wakaiuza nyumba yao ya matofali kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiliuzia jeshi mafuta, naye akawapa mpaka mwisho wa Septemba wawe wametoka. Fedha yote Abigaïl aliishonea ndani ya mkanda wa mumewe, kwa uzi ule ule aliorekebishia sare za akina mama wa kanisa.

"Papa Lise," alimwambia, "mu huu mukaba njo muko nyumba yetu. Ukiipoteza, minyi na batoto tutalala ku barabara."

Kutoka Kamina mpaka Ndola alitumia siku tisa, tatu kati ya hizo akiwa Luena akingoja kichwa cha treni kitengenezwe. Mkono mmoja haukutoka kiunoni. Hata akila alikula kwa mkono mmoja.

Ndola akampata Kitenge, au tuseme Kitenge alimpata yeye. Alikuwa kijana wa kwetu, mwenye viatu vya kung'aa, aliyewangojea wageni sokoni na kuwasalimu kwa Kiluba. Nyumba ya kuuza? Ipo! Akamwonyesha Malachie nyumba nzuri yenye geti la buluu, lakini wakiwa ng'ambo ya barabara.

"Mupangaji angali ndani, papa. Tusimusumbue. Mwisho wa mwezi iko anatoka."

Hapo mwenye akili angeuliza maswali. Lakini Kitenge aliwajua watu wake. Wakaketi kwenye mkahawa, akatoa karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa na mihuri saba. Myekundu, ya buluu, ya zambarau, mmoja hata wa duara ndani ya duara. Sisi tuliokulia katika ofisi zile tunapima ukweli kwa mihuri. Karatasi yenye muhuri mmoja tunaionea huruma. Malachie alivaa miwani yake kwa heshima. Akaomba wembe kwa mwenye mkahawa, akaanza kufumua uzi wa Abigaïl.

"Na vile ku kwetu banaulizaka majirani," Kitenge akasema, "minyi nilibauliza pia. Angalia, papa."

Akaweka ukurasa wa pili mezani.

Saini ya jirani wa kwanza ilikuwa imelala kulia. Ya pili imelala kushoto. Malachie akaisogeza karatasi karibu na miwani. Ya tatu ilikuwa herufi kubwa tupu. Hakutaka kushusha macho zaidi, lakini akayashusha, na pale chini palikuwa na dole gumba.

Wembe ukasimama. Majirani wanne wa Malachie walikuwa wamevuka mpaka bila pasi na kumtangulia Ndola! Aliwajua mmoja mmoja. Mtu akighushi saini huogopa zisifanane, kwa hiyo huzitofautisha mno, na kwa kuwa akili ya uvivu ni moja duniani, Kitenge naye alipita njia ile ile. Mwizi humjua mwizi mwenzake, wahenga hawakukosea. Malachie aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini akili ilikuwa imemrudia, akaufunga mkanda.

"Nitakuya kesho, kijana. Mukristo hanunue nyumba bila kuomba kwanza."

"Papa, kesho kuko muntu wa Likasi, ataibeba!"

"Aibebe. Mungu amubariki."

Alizunguka mtaa mpaka akahakikisha hafuatwi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye geti la buluu na kubisha. Alifungua mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio, mwiko mkononi. Jina lake Mwajuma, mfanyabiashara wa vitenge, mzaliwa wa Kasongo kule Maniema.

"Samahani, mama. Hii nyumba iko ya nani?"

Mwajuma alimtazama juu mpaka chini, akaangua kicheko.

"Uko wa tatu tangu Pasaka! Ingia, papa, ikala. Ulilipa?"

"Hapana."

"Alhamdulillahi. Ule wa kwanza alilipa. Alikuya hapa na magodoro na batoto, akalia pale pale penye umesimama." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nyumba iko ya mwalimu muzee, anaikala nyuma ya kanisa, na hauzishe. Na tena weye uko mugeni hapa. Mugeni hababandike jina yake mu kitabu ya serikali ovyo, kuko ruhusa ya kuomba kwanza. Minyi niko hapa miaka sita, ningali napanga."

"Sasa bantu ba kwetu banafanya namuna gani?"

"Bale benye akili? Banaangalia nani analala mu nyumba. Banaenda ku ofisi kuangalia kitabu. Njo pale banatosha makuta, banalipa."

Malachie akaketi kwenye ngazi. Akaugusa mkanda. Akaugusa tena. Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha, na Mwajuma akamletea maji. Amekaribia kuuziwa mbuzi kwenye gunia, yeye, mshona magunia!

Kesho yake alikwenda ofisi ya ardhi ya Ndola, akalipa ada ndogo, akaonyeshwa kitabu. Jina moja, la mwalimu yule. Muhuri mmoja. Akaenda kwa mwalimu mwenyewe, na mzee yule akakubali kumpangishia vyumba viwili vya uani kwa mwaka mmoja, mpaka vita viishe au ruhusa ipatikane. Malachie alimshangaza kwa sharti moja tu: majirani waje, wanne, kwa miguu yao. Wakaja, mmoja ameshika jembe. Wakatia saini, na saini zilifanana kama mayai, kwa sababu wote walifundishwa kuandika na mwalimu yule yule. Kule Kamina Malachie angeikataa karatasi ile papo hapo. Hicho ndicho kilichomchekesha njia nzima, kuanzia Ndola mpaka stesheni.

Abigaïl, aliyemngoja pale stesheni, hakumsalimu. Alimshika kiuno kwanza.

"Mukaba?"

"Iko. Nilitosha kidogo tu, ya kupanga mwaka moja."

Abigaïl akaketi juu ya gunia la mtu, akalia na kucheka kwa pamoja, mpaka mwenye gunia akamwomba ainuke. Njiani kwenda nyumbani Malachie akamweleza yote, mihuri, wembe, na wale majirani.

"Kulia, kushoto, herufi kubwa, dole gumba," alisema.

Abigaïl akasimama barabarani.

"Sawa na bale ba Mama Élisa."

"Sawa kabisa."

Walikuwa waondoke Alhamisi. Jumatano mchana Malachie alipiga pasi shati lake, akachukua karatasi na kalamu, akaandika, na safari hii hakuzunguka. Alimkuta Mama Élisa mbele ya lile jiko, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akamwamkia, akamsomea alichoandika: yeye, Malachie Mwenze, aliandika kwamba alifika hapa, na hakufika, aliandika kwamba aliwasikia majirani, na hakumsikia yeyote. Kisha akaenda mlango kwa mlango, akawaleta majirani wa kweli, wa pande nne, nao wakatia saini chini ya jina lake. Mwaka uliofuata barua ingewafikia Ndola kusema kwamba karatasi hiyo ilisomwa mahakamani na mjane amerudishiwa kiwanja. Siku ile hakuna aliyejua hilo bado.

Mama Élisa aliushikilia mchi, akamtazama.

"Papa Malachie, mu ile karatasi yako ya zamani uliandika ulifika hapa na haukuona muntu."

"Njo vile niliandika, mama."

"Na leo? Umeona muntu?"

"Nimeona, mama."

Mama Élisa akamsogezea kigoda, akarudi kutwanga.