Kofia ya mgodi juu ya poda

Leo nimepata diploma ya kumaliza sekondari, na ninawaandikia nikiwa nimejifungia chooni.

Matokeo yalipotoka, mnajua kwetu: dada zangu walinimwagia poda kichwani mpaka kope zikawa nyeupe.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Poda ikiisha tu, nitamwambia papa kwamba nataka chuo cha ukunga.

Kabla sijafungua mdomo, papa, ambaye anaendesha lori mgodini Ruashi, akatoka chumbani na kofia mpya ya mgodi. Akanivalisha juu ya poda ile.

“Mwangalie ingénieur wangu,” akawaambia majirani. “Ataingia polytechnique asomee uinjinia, tulisha kupatana.”

(Alipatana na nani? Si na mimi.)

Majirani wakapiga makofi. Papa akaanza kulia. Sijawahi kumwona papa akilia.

Nikasema, “Merci, papa.”

Mimi ambaye kila siku naambiwa “sema kwa nguvu”, leo wote wamenisikia nikikubali.

Sasa mama anagonga mlango. “Tokaka, mutoto, bantu beko banakungojea kwa foto. Uvae na kofia.”

Ingekuwa ninyi, mungemwambia leo, ao mungengoja kwanza amalize kufurahi?