Maji Yaliyokuja na Jua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mtaa wetu wote wa Likombe haukuwa na wingu juu yake. Ilikuwa miaka ya tisini, nami mama wa mtoto mmoja mwenye ubishi wa watu wawili. Wanawake wa mtaa tulikuwa tukianika makopa ndani ya korongo lililokauka, maana mihogo ilikauka upesi kwenye mchanga ule kuliko uani. Nilimlaza mtoto kivulini, chini ya ukingo, nikawa nageuza makopa yangu.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, akaja akasimama juu ya ukingo. Alitazama upande wa bara, mbingu imefunga nyeusi tii. Kisha akawaona siafu wanapanda ukingo, wamebeba mayai yao.

“Asha, mchukue mtoto, upande huku juu.”

“Nikusanye makopa kwanza, mama. Mvua yenyewe iko bara.”

“Mvua iko bara, maji yana miguu. Mihogo utalima tena. Panda.”

Nilimbeba mtoto nikapanda huku nimenuna, na wenzangu wakafuata. Hata sijakaa vizuri, nikasikia majani makavu yanasuguana, sauti ndogo tu. Likaja povu la rangi ya chai, na nyuma yake maji yamesimama kimo cha kiuno, yanavingirisha mkorosho mzima na mizizi yake. Jua bado linawaka! Ukingo uliokuwa na kivuli ukamegeka mbele ya macho yangu. Nilisema Subhanallah, nikamkumbatia mtoto.

Bi Somoe hakunigombeza. Alisema tu, “Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si lazima yawe mawingu ya kwako.”

Basi masika yakiingia, tazama bara kabla ya kutazama juu ya kichwa chako. Ukinusa udongo uliolowa na wewe hujanyeshewa, ukiona povu na majani, acha ulichoshika, upande juu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Na hicho kiwanja unachokisifia, eti kina mchanga mzuri na hakina jirani, nimekwenda kukiona. Ndipo nilipokulaza siku ile. Usijenge pale, mwanangu. Mungu akupe nyumba mahali pa juu, na wanao waisikie mvua wakiwa ndani, wakavu.